Kumswaga Ng'ombe wa Bandani

Mnisamehe mwandiko huu na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na kalamu yangu haina haraka.

Siku ya kwanza ya kazi ya kuhamisha ng'ombe wa watu, kule Mwika mlimani, nilimwamkia Msimamizi, mzee mwenye fimbo.

"Shikamoo, Meku," nilisema, maana ndivyo tunavyomwita mzee kwetu.

"Marahaba. Unajua kufukuza ng'ombe?"

"Najua."

"Basi rudi kwenu! Mbuzi akiingia kwenye mahindi, mfukuze. Mwizi mkimbize. Ng'ombe tunamswaga: unatembea nyuma yake mpaka aone safari ni yake."

Wenzangu walicheka. Mimi niliangalia miguu yangu.

Baadaye tulihamia Uru. Huko tulitumwa kumshusha ng'ombe wa Mama Ndeshi, mjane, kwenda kwa binti yake. Alikuwa ng'ombe wake wa pekee, mwenye mimba kubwa, na tangu azaliwe hajatoka bandani. Mama alitufuata nyuma akiimba pole pole ili ng'ombe asikie sauti yake.

Kwenye kona bodaboda ikapiga honi. Kamba ikanichomoka mkononi. Ng'ombe akakata kushoto, akapita katikati ya migomba, akasimama ukingoni mwa korongo. Udongo ulikuwa unamomonyoka chini ya kwato zake.

"Mkimbize! Mzungukie!" dereva akapiga kelele.

"Nyamaza wewe!" Msimamizi akamkemea. Mama Ndeshi aliacha kuimba, akashika kichwa.

Mimi sikujua kumwita kwa wimbo kama Mama. Nikachomoa panga langu kiunoni, nikampa ng'ombe mgongo, nikaanza kukatakata mgomba uliokuwa karibu. Ta. Ta. Ta. Ndivyo anavyokatiwa chakula kila asubuhi.

"Nani anakata mgomba wangu?" Mwenye kihamba, shamba lile la migomba, alitoka na fagio. Akaona korongo, akalishusha fagio.

Niliendelea kukata. Sikuthubutu kugeuka. Mara nikasikia pumzi ya moto shingoni, na ulimi ukavuta kipande cha mgomba mkononi mwangu.

"Sasa umeswaga," Msimamizi akasema, akaifunga kamba upya.

Ndama alizaliwa salama, jike.

Siku hizi ng'ombe wanapakiwa kwenye pikapu, nami nimeacha kazi hiyo mapema kuliko nilivyotaka. Nikisikia honi, bado mkono unakaza kamba ambayo haipo.

Huko kwenu, ng'ombe wa bandani akitoroka mnamrudishaje? Niandikieni. Herufi ziwe kubwa, nasoma pole pole.