Makofi ya Swedi

Mwalimu Aruna, aliyefundisha Kurani hapa Rumonge kando ya ziwa zamani za Wadachi, alikuwa na ulimi mchungu na hakuuonea haya. Vita vya Wazungu vilipoanza, ofisa mmoja wa Kijerumani alikuja sokoni, akapanda juu ya kasha, akahutubu kwa Kiswahili cha kukariri. Watu wakapiga makofi. Aliyepiga kuwashinda wote ni Swedi, mchuuzi wa mawese mwenye mitumbwi mikubwa, ambaye siku hiyo alivaa kanzu mpya kama bwana harusi.

"Mwalimu, umesikia?" Swedi alimwuliza wakiondoka. "Anatuheshimu! Amesema ziwa ni letu sote."

"Na mitumbwi?"

"Yetu sote."

"Na bunduki?"

Swedi akaanza kuinyoosha kanzu yake.

"Alisema 'bunduki zangu'," Aruna akamjibia. "Chako ni chetu, chake ni chake. Halafu akasema adui amekwisha kukimbia. Kama amekimbia, ameagiza mitumbwi yote ikusanywe hapa ya nini, kuvulia visamaki vya ndagala? Anakwenda vitani, Swedi, na hakusema nani atapiga kasia. Neno aliloliruka ndilo lenyewe."

"Uko na wivu tu, Mwalimu. Mutu wa mutumbwi mumoja!"

"Haya, kampigie makofi mengine."

Aruna akaenda kuuficha mtumbwi wake kijiji cha Magara, akaujaza mawe na kuuzamisha kwenye matete. Wavuvi wachache wakafanya vivyo hivyo. Swedi akaileta yake mapema kuliko wote, akiwatuliza wapiga kasia wake kwamba serikali ni rafiki yake. Askari wakaichukua mitumbwi pamoja na vijana hao wa kasia. Swedi alipoanza kuueleza urafiki huo, naye akatupiwa kasia.

Alirudi baada ya miezi mingi, viganja vimechunika, bila mtumbwi hata mmoja. Vijana wawili, Mbaraka na Radjabu, walifia vitani ng'ambo ya ziwa. Swedi akawa anapita mlango kwa mlango akilia kwamba alidanganywa.

"Hukudanganywa," Aruna alimwambia alipofika mlangoni kwake. "Uliambiwa waziwazi, ukashangilia."

Kulthumu, mke wa mwalimu, akamkemea mumewe: "Mutu amerudi mifupa mitupu, nawe unamsomesha?" Akampakulia Swedi ugali.

 Aruna alichukua msahafu, akaenda kuwasomea marehemu hitima nyumbani kwa mama yake Mbaraka. Swedi alipofika baadaye, hakuna aliyemsogezea nafasi mkekani. Akasimama mlangoni mpaka dua ikaisha.