Kaunta Buku Tano za Mjomba

Mjomba wangu alikuwa mkulima wa mdalasini na ndizi kule Kinole, na jioni alisomesha watoto Kurani. Habari za dunia hazikumshughulisha sana, isipokuwa za katikati ya karne ya kumi na tatu. Hizo zilimkaa kichwani. Alitaka kujua, wakati Wamongolia wanaiteketeza Baghdad, Misri nani ameshika madaraka, Mali imefika wapi, Wazungu wanasoma nini kwenye vyuo vyao vipya, na Kilwa watu wanauza nini. Aliokota habari redioni, kwa masheikh wapita njia, na kwangu mimi, mwalimu wa historia wa sekondari mjini. Yote aliyaandika kwa Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu, maana za kizungu hakuzijua. Alijaza kaunta buku tano.

Aliyemsumbua kuliko wote ni yule mtawala wa Kimongolia aliyeiteka Baghdad. Vitabu vya Baghdad viliishia mtoni, kisha haukupita muda mtawala huyo huyo akamjengea mwanachuoni nyumba ya kutazamia nyota, na humo mkajaa vitabu.

"Sasa mtu huyo tumweke fungu gani, mwalimu?" aliniuliza.

Nilimjibu kwa mkato kwamba siasa haina aibu. Hakuridhika, akawa ananiuliza kila nilipopanda kumwona.

Aliniomba jambo moja tu: nikae naye, yeye asome, mimi niandike kwa herufi za shule, ili wapwa na wajukuu wapate kusoma. Wiki mbili zingetosha. Nikasema sawa, Juni. Juni nikaenda semina. Desemba nikasingizia mvua na utelezi wa njia. Ukweli ulikuwa uvivu, na kiburi pia: mimi na digrii yangu nikae mkekani, mkulima ananisomea imla! Naona haya kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Hata alipokuja kwangu mjini, Mwembesongo, kutibiwa, na kaunta buku zake zote ndani ya mfuko wa mkeka, wiki tatu nzima nilikuwa narudi kutoka kazini nasema nimechoka. Hakunilaumu hata siku moja. Alirudi Kinole na mfuko wake, na mwezi uliofuata akafariki.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mpwa ana kauli juu ya vitu vya mjomba. Kwa hiyo baada ya arobaini mjane wake, ambaye hajui kusoma herufi za aina yoyote, hakuwauliza wanawe. Alinipigia simu mimi. Nilikuwa ofisi ya walimu, nimetoka kuwasimulia kidato cha pili, nje kabisa ya silabasi na kwa mbwembwe zote, jinsi inavyosemekana kwamba wino wa Baghdad uliugeuza mto ukawa mweusi. Mezani palikuwa na rundo la mitihani ya kusahihisha.

"Baba, sanduku la marehemu limeingia mchwa," alisema. "Mna maandishi mengi ya Kiarabu. Niyafanyeje?"

Nikadhani ni juzuu chakavu za watoto wa madrasa. Karatasi zenye maneno ya Mungu hazitupwi jalalani. Huzikwa, au hutiwa kwenye maji yanayotembea. Zile kaunta buku niliamini ziko kabatini, na sikuuliza.

"Yatie mtoni, mama," nikasema, nikarudia kalamu yangu nyekundu.

Likizo ilipofika nilipanda Kinole na daftari jipya, eti nikazisome kaunta buku mwenyewe, taratibu, nizinakili. Nikamwamkia mjane shikamoo, akaniwekea chai. Nilipozitaja alitabasamu. Akanieleza jinsi alivyotia udhu, akazitoa sandukuni, akazibeba kwa safari mbili kwa magoti yake yale mabovu, akapanda hadi juu ya pale wanawake wanapofulia ili zisichanganyike na sabuni, na akazitia majini moja moja kwa bismillahi.

"Kwanza nilisita," akasema. "Marehemu alinikataza nisimpe mtu mpaka uje uandike. Lakini uliposema zitiwe mtoni nikajua mliandika kule kwako, alipokuja kutibiwa. Si mlimaliza, baba?"

Nikasema ndiyo, tulimaliza. Akamshukuru Mungu, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Akasema miaka yote hiyo ameishi na mtu anayeandika, na hajawahi kujua ameandika nini, basi nimsomee japo kidogo. Alikuwa analitazama daftari langu.

Nikalifungua ukurasa wa kwanza, mweupe, nikaanza kusoma. Niliyoyakumbuka yaliisha kabla chai haijapoa.