Adhana ya Toleo la Pili

Msikiti wetu, kijijini upande wa Ghuba ya Chole, hauoni jua likizama. Jua huishia nyuma ya minazi, na mawingu yakiwapo huwezi kujua kama limekwisha zama au limejificha tu. Ndiyo maana mimi, fundi wa kompyuta niliyerudi nyumbani na maneno mengi, nikaona niwatengenezee saa ya ukutani inayokokotoa yenyewe nyakati za swala. Baba yangu ndiye mwadhini. Aliisifu saa ile kabla haijawaka, kwa sababu tu ni yangu.

Programu ya saa niliiandika pamoja na mwenzangu aliyeko Dar. Kazi yetu ilikaa kwenye ghala moja mtandaoni, kila mmoja akivuta nakala kwenye kompyuta yake. Toleo likiwa tayari tulilibandika lebo, yaani jina la kulitambulisha, ili anayeliweka kwenye saa asikosee. Mwenzangu akabandika lebo ya toleo la pili, nami nikaivuta. Baadaye akagundua amekosea longitudo: kisiwa chetu alikisukuma mashariki hadi katikati ya bahari, ambako jua huzama mapema zaidi. Akasahihisha. Lakini badala ya kutoa toleo la tatu, aliibandua lebo ileile akaibandika kwenye kazi mpya, maana kwake toleo la tatu ndani ya siku moja lilikuwa aibu. Akaniandikia nivute tena.

Nikavuta tena. Kompyuta ikaleta kazi mpya, na kuhusu lebo haikusema kitu. Nikafurahi, kwani katika kazi yetu kimya ni pongezi. Wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini wahenga hawakuandika programu, nikawapuuza. Kumbe kompyuta ikishakuwa na lebo yenye jina fulani, haiibadilishi eti kwa sababu huko ghalani imehamishwa. Hubaki na ile ya kwanza, wala haikuulizi. Siilaumu. Kwetu mjukuu hupewa jina la babu, lakini hakuna anayekuja kukwambia kwamba babu uliyemjua sasa ndiye huyu mchanga. Nikaweka kwenye saa toleo la pili, lile la katikati ya bahari, siku moja kabla ya Ramadhani.

Jioni ya kwanza kulikuwa na mawingu. Saa ikalia, baba akaadhini, watu wakala tende. Dada yangu, aliyeolewa Kilindoni, pwani ya magharibi ya kisiwa, alipiga simu kunitakia mfungo mwema, akasikia natafuna. Akaniuliza kama tumerukwa na akili.

"Huku jua tunaliona," alisema. "Halijagusa maji."

Adhana ni kama maji, ikimwagika haizoleki. Kijiji kizima kilikuwa na siku ya kulipa. Nilimpigia mwenzangu kwa hasira, nikamwambia maneno ambayo yangeharibu saumu yangu kama ningekuwa nayo. Yeye alikuwa anasubiri adhana ya Dar, saumu yake nzima, hadaiwi kitu. Akanieleza kwa upole kwamba lebo iliyohamishwa huvutwa kwa nguvu. Niliiamuru kompyuta hivyo, ikakubali palepale, kana kwamba siku zote ilikuwa inangoja kuombwa vizuri.

Tuliposwali magharibi, safari hii kwa wakati wake, nilikuwa nimeshapanga maelezo: ghala, lebo, longitudo, na zaidi ya yote mtu wa Dar. Baba akasimama kabla yangu. Akasema ameadhini kabla ya wakati, kila mtu alipe siku moja baada ya sikukuu, na wamsamehe. Saa hakuitaja. Mimi hakunitaja. Akaketi.

Njiani nilimwambia si haki. Kosa ni la mwenzangu, na saa sasa iko sawasawa. Alinisikiliza hadi mwisho, na hilo ndilo lililoniuma.

"Watu walisikia sauti ya nani?" akauliza.

"Yako, baba."

"Basi."

Kesho yake saa ilipolia alishika kipaza sauti, lakini hakuadhini. Alinigeukia. Safu nzima ya wazee ikanigeukia, tende mkononi, wakingoja neno langu. Nilijua kwa hakika kwamba saa ilikuwa sahihi, na sikuweza kufungua mdomo.