Mgongo wa Mume Wangu wa Jukwaani

Zamani hizo nilikuwa na waume wawili, na wote wawili walikuwa wanaujua mdomo wangu. Wa nyumbani, mtaani Buyenzi, alikuwa fundi cherehani, mtu wa swala tano na maneno machache. Wa jukwaani alikuwa mrefu, mwembamba, masikio yamesimama, na akichungulia tu kwenye pazia watu walianza kucheka kabla hajasema kitu. Tuliigiza ugomvi wa ndani ya nyumba: mimi bibi mkali, yeye bwana anayetafuta pa kujificha. Sokoni wauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, walinisimamisha kuniuliza, "Bwana yako wa muchezo iko wapi leo?" Mume wangu wa kweli akisikia, alikanyaga cherehani kwa nguvu kidogo, basi.

Ilikuwa miaka ya vita. Kila mtaa wa Bujumbura ulikuwa na watu wake, na mtu aliwaza mara mbili kabla ya kuvuka barabara. Kikundi chetu kilikuwa mchanganyiko wa makabila, na kwa sababu hiyo hiyo tuliitwa kila mahali. Leo Nyakabiga, wiki ijayo Kamenge, na lazima tumalize mapema ili watu wafike makwao kabla ya kuvrefe, ile saa ya kila mtu kujifungia ndani. Kuchekesha tulichekesha. Lakini mchezo ukiisha, watu hawakwenda nyumbani. Walikuja nyuma ya shuka letu la kubadilishia nguo, wakasimama, kisha mmoja akaanza kusema. Mama mmoja alinishika kiganja akanieleza jinsi wanawe walivyompotea barabarani wakikimbia. Mimi bado nina wanja wa mchezo usoni, najua kulia kwa kila namna. Nilimpa maji. Wallahi, nilimpa maji tu.

Ndipo wale waliokuwa wakigharamia michezo yetu wakasema tupewe mafunzo. Huduma ya kwanza, lakini ya moyo na akili. Mimi nilicheka kwa sauti. Sisi? Watu wa maigizo tufundishwe machozi?

Aliyekuja kutufundisha alikuwa muuguzi wa magonjwa ya akili, mama wa makamo, kitenge chake kimepigwa pasi, sauti ya chini kiasi kwamba ukumbi mzima wa parokia ya Nyakabiga ulilazimika kunyamaza ili umsikie. Alituambia, "Mutu akiumia muguu, nyinyi hamumupasui. Munamufunga kitambaa, munakaa naye mpaka munganga amuone. Na huyu ni vile vile." Akatueleza dalili za mtu anayezidiwa. Halali usingizi. Hali chakula. Anajitenga. Au ghafla anaanza kugawa vitu vyake, vile anavyovipenda, kama mtu anayehama.

Hapo nikakumbuka. Mume wangu wa jukwaani alikuwa amempa mpiga ngoma wetu redio yake. Na mimi alikuwa amenipa koti lake zuri, lile la kuigizia harusi, akisema, "Chukua, bibi, litakufaa." Nami nilikuwa nimemjibu kwamba linanuka jasho. Nikamtazama pale alipokaa, mstari wa mwisho, anafanya vichekesho kwa nyusi. Watu wanacheka. Mimi sikucheka tena siku ile.

Mama muuguzi akaendelea. Akasema tukimwona mtu wa namna hiyo, tumuulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Ukumbi wote ukaguna. "Mawe, mama yangu!" akasema mpiga ngoma. "Si utakuwa umemufundisha?"

"Apana. Wazo haumupi we. Kama iko nalo, iko nalo tayari, na iko nalo peke yake."

Tulikubali kwa shingo upande. Lakini kilichotushinda zaidi ni kunyamaza. Alitupanga wawili wawili, mmoja aseme, mwingine asikilize bila kuingilia, hata yule akikwama. Jamani! Jukwaani mwenzako akikwama ni lazima umrukie, umpe neno, upige kofi, uangushe sufuria, ufanye lolote, maana kimya kikiingia mchezo umekufa. Hiyo ndiyo kazi yetu, tumeifanya mpaka imeingia kwenye damu. Basi kila mtu alishindwa, na mimi nikawa wa mkia. Nilivumilia kidogo tu, nikaropoka, "Haya baba, endelea, tunazeeka hapa!" Hata mama muuguzi alicheka.

Mchana, baada ya kula maharagwe, aliomba watu wawili waigize mbele ya wote: mmoja mwenye mzigo moyoni, mwingine msaidizi. Hakuna aliyeulizwa. Wote walipiga kelele, "Bwana na bibi! Bwana na bibi!" Tukapelekwa mbele.

Mwenye mzigo akawa yeye, na alianza vile vile kama siku zote. Akakaa, akateleza kitini, akaniomba ruhusa ya kuhuzunika. Ukumbi ukavunjika mbavu. Kisha akasimama, akakigeuza kiti, akakaa ananitazama mimi, mgongo kwa watu.

Akaanza kusema polepole. "Siku tulikimbia Kamenge, mama alisema, tangulia, mi ninafunga mulango. Nikamwambia, mama, wacha mulango. Akasema, nyumba yangu siiachi wazi ka soko. Nikatangulia. Nilisikia ufunguo. Nikasema iko nyuma yangu, anakuja. Nilitembea nasema naye, bibi. Nilimusemesha mpaka barabara ya lami. Nilipogeuka, nilikuwa nasema peke yangu."

Ukumbi ukalipuka. Makofi! Wengine walisimama, mmoja akapiga mluzi, mpiga ngoma akalia "Bravo, muzee, bravo!" huku anafuta macho. Waliona ni kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Na yeye, kwa sababu mwigizaji akipigiwa makofi huinama, alisimama, akawageukia, akainama. Machozi yalidondoka sakafuni. Wakazidisha makofi.

Mimi sikupiga makofi. Nilijua kwamba huo haukuwa mchezo, na nilijua kwa sababu ya mgongo. Yule mtu hakuwahi kuwapa watazamaji mgongo, hata akiigiza maiti. Mimi mwenyewe alinigombeza miaka nenda rudi, "Bibi, watu wamekuja kuona uso, mgongo wanao nyumbani." Kama aligeuza kiti, basi hakukuwa na watazamaji. Kulikuwa na mimi na yeye.

Mama muuguzi naye alishaona. Aliinua mkono, makofi yakafa moja moja. Akamsogelea, akamuuliza kwa upole kama angependa kuendelea kuzungumza, na kama ni na yeye au na mtu mwingine. Bwana wangu wa mchezo akanionyesha kwa kidevu. "Na bibi yangu." Basi mama muuguzi akawatoa wenzetu nje, uani, wanatoka wameinamisha vichwa kama watoto waliovunja sahani, na yeye mwenyewe akabaki kwenye kiti karibu na mlango, mbali kidogo, lakini yupo.

Tukakaa. Nje basi dogo lilikuwa linaita watu wa Kamenge na Kigobe. Mdomo wangu ulikuwa umejaa maneno, mzaha, dua, matusi pia, maana nilikuwa na hasira naye, we acha tu! Unanipa koti, mimi nasema linanuka jasho, kumbe unaniaga? Nilijiuma ulimi. Nilikaa. Kimya kile kilikuwa kizito kuliko gunia la mchele, na sikukiangusha.

Kisha nikamuuliza. Sauti yangu ilitoka kavu, haina ufundi wowote. "Unafikiria kujiua?"

"Ego," akasema. Ndiyo.

Mimi nimeliza kumbi. Nimeona watu mia wakivuta pumzi kwa pamoja kwa sababu nilishusha mkono. Lakini sikuwahi kuona kitu kama nilichokiona pale. Neno lilipotoka, mabega yake yalishuka, uso ukalegea, ukawa uso wa mtu nisiyemjua, mtu aliyechoka tu. Miaka yote ile nilikuwa nimeolewa na kinyago chake. Nilihisi kama niko msikitini, watu wameshasujudu na hakuna anayekohoa. Nikataka kuvua viatu.

"Nashukuru umeniambia," nikamwambia, kama tulivyofundishwa, na kwa mara ya kwanza maneno ya kufundishwa yalikuwa yangu.

Alilia. Sikumwambia anyamaze. Mama muuguzi akaja kukaa nasi, akasema kesho mchana atampeleka mwenyewe kwa daktari, lakini usiku huu asibaki peke yake. Kumbe mwenzetu alikuwa akilala kwenye ghala la kikundi, juu ya mapazia, na wala hatukujua. "Nani anaweza kukaa naye?" akauliza mama muuguzi. Jua lilikuwa linashuka, kuvrefe inakuja. Nikasema, "Anakuja kwangu."

Njiani mpaka Buyenzi nilikuwa natunga maneno ya kumwambia mume wangu. Mwanamke wa Kiislamu anaingia na mwanamume, na si mwanamume yeyote, ni yule ambaye mji mzima unamwita bwana yake! Tulipofika nilifungua mdomo. Mume wangu alimtazama yule mtu usoni, akazima taa ya cherehani, akaweka mkasi chini. "Karibu," akasema. "Chakula kiko." Hakuuliza lingine. Akamtandikia mkeka wake mwenyewe chumba cha mbele, na yeye akalala pembeni yake. Mpaka leo sijui alielewaje.

Asubuhi nilimkuta mgeni wetu amelala fofofo, mdomo wazi, watoto wanamruka kwenda kunawa. Wateja wa mume wangu walikuja na vitambaa vyao. Aliwapokea mlangoni kwa kunong'ona, akawarudisha. Cherehani haikulia asubuhi nzima, na wale wanaojua fundi anakulaje watanielewa. Nilisimama katikati ya nyumba yangu nikiwatazama wanaume wangu wawili, mmoja amelala, mwingine anamlindia usingizi, na moyo wangu ukanyenyekea.

Alipoamka nilimletea chai ya tangawizi. Mama muuguzi alikuwa ameniambia nisione haya kuuliza tena. Nikachuchumaa mbele yake.

"Na leo? Bado unalifikiria lile?"

Alipuliza chai. Alilifikiria swali langu kwa uaminifu, kama mtu anayejipapasa kujua panapouma.

"Leo apana," akasema. "Kesho we niulize tena."