Nyumba ya Ijumaa

Leonida Auma hakuwa mtu wa kushangazwa na binadamu. Alizaliwa chini ya mlima Asego, karibu na Homa Bay, akaolewa Karungu, akafiwa na mume. Kisha mvua za mwaka wa sitini na moja zikalipandisha ziwa mpaka likaingia nyumbani kwake na kukataa kutoka. Tangu hapo alilala katika stoo ya kanisa la Wasabato, pamoja na viti vibovu na kengele iliyopasuka. Kanisa lilimwombea. Kufikia mwaka wa sitini na nne hakuna aliyeweza kulilaumu kwa uvivu wa kuomba.

Ndipo wazee wakaamua kumjengea. Walichagua Ijumaa, kwa kuwa siku hiyo watu hubaki nyumbani kujiandaa kwa Sabato. Uamuzi wa busara, ila kwa jambo moja. Kwa Wajaluo, nyumba ikianzwa asubuhi sharti iezekwe na kuwashwa moto siku hiyohiyo. Kwa Wasabato, jua la Ijumaa likizama hakuna anayeinua hata ufito. Na waliokaa kwenye kikao kile wote walikuwa Wajaluo, na wote Wasabato.

Nguzo ya kwanza ilisimamishwa na Nicanor, ndugu wa marehemu, maana mjane hajisimamishii. Nicanor alionekana kanisani kwenye mazishi tu. Alishindilia udongo, akajipangusa mikono.

"Shemeji, hii ikilala bila paa, kesho naing'oa. Sitaki mkosi kwa ndugu yangu. Na nyingine sisimamishi."

"Kwani Mungu hajui saa?" akauliza Mzee Elkanah, kiongozi wa kanisa.

"Yeye anajua. Nyinyi ndio hamkumuuliza."

Leonida akaelewa: paa kabla ya jua kuzama, au stoo maisha.

Alasiri kuta zilikuwa zimekandikwa, watu matope hadi kwenye nyusi. Kisha mwezekaji akaita kutoka juu: nyasi zimekwisha. Upande mzima wa paa ulikuwa bado mbavu tupu. Mabonde walikozoea kukata nyasi sasa yalikuwa ya kambare.

Mzee Elkanah akapendekeza maombi. Leonida akakunja mkeka wake, tayari kurudi stoo.

Jirani yake Dolphine, ambaye hawakuwa wakisalimiana naye tangu ugomvi wa uchanja wa kuanikia samaki, alitazama paa, akakaza leso kiunoni, akaondoka. Leonida hakushangaa. Alishangaa alipomwona tena, juu ya paa la jiko lake mwenyewe, aking'oa nyasi.

"We Dolphine, umerukwa na akili?" Jared, mumewe, alipiga kelele kutoka chini.

"Pokea na unyamaze! Chakula cha Sabato si tumeshapika?"

Jared akapokea. Mwingine akaezua ghala, mwingine banda la kuku. Mzee Elkanah akakatiza maombi, akaenda kuezua jiko lake kabla mkewe hajamtuma. Mapaa yakaanza kuteremka kilima, yakitembea kwa miguu ya watu. Leonida alisimama na mkeka kichwani, kinywa wazi. Aliwajua hawa: wasengenyaji, wapunguza vipimo vya mtama, wasiorudisha sufuria. Aliwajua wote, na hakumtambua hata mmoja.

Suleman mwenye duka, aliyekwisha kuswali, akaleta kamba za katani.

"Ijumaa yangu nimemaliza," akasema, akipima jua kwa mkono. "Yenu imebaki kidole."

Jua lilipogusa ziwa, fungu la mwisho likafungwa.

"Moto! Shemeji, moto!" Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Nicanor.

Leonida akakimbia na makaa kwenye kigae, akapuliza. Moshi ukapanda, ukapenya kati ya nyasi zilizokuwa nyeusi kwa masizi ya vyakula ambavyo hakuwahi kualikwa kula. Nje watu wakauona. Jua likazama, mikono yote ikashuka, wimbo wa Sabato ukaanza.

Haukufika ubeti wa pili. Mvua ilishuka, kila mtu akatimua mbio kuelekea jiko ambalo halikuwa na paa.

Leonida alikuwa amekaa katikati ya nyumba yake, akitazama juu, akisubiri tone. Halikuja. Ikaja hodi. Dolphine alisimama mlangoni, chungu kichwani, na nyuma yake Jared na vigoda.

"Nyar Asego," akasema, akimwita binti wa Asego kama zamani, "kwangu kunanyesha. Nimefuata nyasi zangu."

Leonida akautandika mkeka.

"Ingieni. Zenu ziko upande ule unaotazama ziwa."