Mstari Mwekundu Juu ya Binti Yangu

"Kati ya waliomaliza dawa mpya, hakuna mtoto hata mmoja aliyekufa," daktari alitutangazia, na akina mama wakapiga makofi. Miezi yote ile nilikuwa nimenyamaza. Makofi yale yalinishinda. Nikasimama.

"Wangu alikufa."

Ilikuwa 1992, kwenye baraza la zahanati moja hapa Kigali. Miezi kadhaa nyuma, watoto wetu wenye kuhara walikuwa wamegawanywa makundi mawili, hawa dawa mpya, wale ya zamani, chupa zikifanana ili hata nesi asijue nani anakunywa ipi. Sahihi niliweka mwenyewe, nikijiona msomi kwa kuwa nilifika sekondari. Binti yangu wa miezi tisa alikunywa siku nne. Siku ya tano alifia mgongoni mwangu, tukipanda kilima kumrudisha zahanati. Nilidhani amelala. Nilifurahi, jamani, kwamba hatimaye amelala.

Siku ile ya makofi, nesi alinivuta ndani, akafungua daftari kwa namba ya kadi yake. Siri ya chupa ilikuwa imeshafunguliwa: kumbe alikuwa kundi la dawa mpya. Mstari mwekundu ulipita juu ya jina lake, na pembeni: ameacha dawa.

"Dada, tunahesabu waliomaliza siku kumi," nesi alisema. "Wako hakumaliza."

"Hakumaliza kwa sababu alikufa."

Akaniambia ndivyo wakubwa walivyopanga, dawa isiyonywewa yote haipimiki. Halafu akaongeza *ihangane*, vumilia, neno lile lile nililoambiwa msibani. Nikamuuliza ile mistari mingine miwili myekundu kwenye ukurasa ule ni watoto wa nani. Akafunga daftari.

Hesabu gani hiyo? Watoe waliokufa, halafu ushangilie kwamba waliobaki wote ni wazima.

Kesho yake nilipanda Kimihurura, kwenye ofisi inayotoa vibali vya utafiti, na sikuondoka mpaka nakala ya barua yangu ilipogongwa muhuri. Niliandika kwa Kifaransa cha shule. Kwa Kiswahili ni hivi:

"Binti yangu hakuacha dawa. Alikuwa bado anainywa alipokufa. Sijui kama ndiyo iliyomuua, na nyinyi hamtajua mkiendelea kumkata kwa mstari. Naomba arudishwe kwenye hesabu ya kundi lake. Naomba kila mwenye mstari mwekundu afuatwe nyumbani, ijulikane kama yu hai, kabla ripoti haijatoka. Naambatanisha nakala ya kadi yake. Kadi yenyewe siitoi."