Jumapili Waliyomficha Settimio

Mimi ndiye niliyekuwa nikifua jezi za timu yetu, na katika zote nilizowahi kusugua hakuna iliyonitoa jasho kama namba tano ya Settimio Brandoni. Washambuliaji walirudi na vumbi kidogo magotini. Yeye alirudi na nusu ya uwanja mgongoni. Nilimwambia ipo siku nitaotesha kabichi ndani ya beseni langu, naye akacheka mdomo umefumba, kuficha pengo la jino alilong'olewa kwa kiwiko huko Sardinia.

Alizaliwa hapa hapa, katika mji wetu wa viatu juu ya vilima vya Marche, mtoto wa mzee Nazzareno, fundi wa soli kiwandani. Mama yao alifariki mapema, Settimio akalelewa na dada yake mkubwa, Argia. Alipokuwa kijana klabu kubwa ya kaskazini ilimchukua, akalala bwenini huko akiota ligi kuu, mpaka goti lilipomgomea wakamrudisha nyumbani. Mwingine angejifungia ndani kwa aibu. Settimio alishuka kwenye basi na begi lake, akaenda moja kwa moja mazoezini kwa timu yetu ya daraja la tatu, na hakuondoka tena.

Mbio hakuwa nazo, chenga hakuzijua. Alichojua ni kufika mahali kabla mpira haujafika. Beki akiifanya vizuri kazi yake hakuna kinachotokea, watu wanarudi nyumbani bila cha kusimulia, ndiyo maana hamjawahi kumsikia.

Njumu zake zilikuwa mikononi mwa baba yake. Kila Jumamosi mzee alizipakata, akazipaka mafuta, kisha akaangalia mawingu na kubadilisha meno ya chini, marefu kwa tope, mafupi kwa ardhi kavu. Kumsifu mwanawe hakuweza. Watu wakimuuliza baani kijana kachezaje, alijibu kwamba njumu zilikaa vizuri, basi, akaendelea na karata zake.

Mwaka ule gundi ya kiwandani ilikuwa imeshamla mapafu, na daktari akamwambia Argia kwamba baba hatayaona mavuno ya zabibu. Timu nayo ilikuwa inachungulia daraja la nne. Rais wa klabu akatoa dawa yake ile ile, kambi. Kwetu timu ikifungwa mfululizo, wachezaji hufungiwa hotelini mbali na wake zao, mbali na divai na magazeti, mpaka siku ya mechi. Sijawahi kuona mtu akipiga krosi nzuri kwa sababu ya kumkosa mkewe, lakini nani atamuuliza mfuaji. Hotelini simu ilikuwa moja, na meneja wa timu aliilinda kama sanduku la sadaka.

Kabla ya kuondoka, Settimio alipiga magoti kando ya kitanda cha baba yake. Nilikuwepo, nimeleta mashuka.

"Baba, ukizidiwa nitumie mtu. Wakinifungia mlango nitapita dirishani."

"Sawa."

"Niahidi."

"Nimekuahidi, mwanangu. Nenda, basi linakungoja."

Hilo tu ndilo alilolitaka Settimio duniani, amshike mkono baba yake wakati mzee anakata roho. Mama yao alipokufa alikuwa mdogo mno, walimpeleka kwa majirani.

Ijumaa asubuhi mzee alizidiwa. Argia alikwisha kujifunga kitambaa kichwani akapige simu, mzee akamdaka kifundo cha mkono. Akamwambia Settimio asiambiwe kitu mpaka mechi iishe. Argia akamkumbusha ahadi yake, naye akasema anaijua vizuri, lakini bila Settimio timu itashuka na mji mzima utalia. Halafu akauliza kama kunanyesha. Kulikuwa kunanyesha.

"Basi avae zenye meno marefu," akasema, na hakusema tena.

Baada ya hapo mji ukajichukulia msiba. Rais alikuja kumbusu Argia mkono. Padri akakubali kengele isilie. Duilio, mbandikaji wa matangazo ya msiba, aliambiwa ayaweke kabatini, maana basi la timu lingepita kwenye kuta zile zile tunazosomea majina ya wafu wetu. Hasira zilinipanda, nikamwambia rais usoni kwamba hii ni dhambi. Akanijibu kwa upole, "Ines, wewe fua." Argia alikuwa analia, lakini alishikilia neno la baba yake, na huwezi kubishana na maiti.

Jumapili mvua haikukatika. Settimio alipotokeza uwanjani, watu wote walisimama na kumpigia makofi, marefu, bila wimbo. Alituangalia akishangaa, akagusa kitambaa chake cha unahodha. Nadhani alifikiri tunamwomba atuokoe.

Akatuokoa. Tulihitaji sare tu, na yule mshambuliaji wao mrefu aliyetutisha wiki nzima hakupata hata nafasi ya kugeuka. Mwishoni kabisa Settimio alizuia shuti kwa uso, akaanguka kwenye tope, akainuka. Filimbi ikalia, bila kwa bila. Watu wakalia pia, na si wote waliolilia mpira.

Wakampandisha juu ya lori, wakiimba, wamzungushe mjini. Aliomba wapitie kwao kwanza, mzee akaone njumu zilivyochafuka. Dereva akakata kona upande mwingine, kuelekea uwanja wa kanisa.

Lakini Duilio ni mtu wa kazi. Aliagizwa abandike mechi ikishaanza, kwa kuwa mazishi yalikuwa kesho yake na kila marehemu ana haki ya kuta zake. Habari za lori hakuambiwa, kwa sababu sisi sote akili zetu ziliishia kwenye filimbi. Ukutani kwa mwoka mikate, gundi haijakauka, ndani ya mpaka mweusi, lilikuwepo jina la Nazzareno Brandoni. Na chini yake, alifariki Ijumaa.

Wimbo ulikatika kuanzia mbele ya lori mpaka nyuma. Settimio akashuka, akalisoma tangazo lote kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha akatugeukia, na nikaona kwamba sasa ameyaelewa makofi yetu.

"Ijumaa, Ines?" akaniuliza.

"Ijumaa asubuhi."

Akaondoka kwa miguu, meno ya njumu yakigonga mawe ya barabara, na hakuna aliyethubutu kumfuata isipokuwa mimi. Argia alimweleza yote, hakuficha hata neno. Dada yake alipofika kwenye neno lile la meno marefu, Settimio alikaa kando ya jeneza na tope lake, akauinamia uso wa baba yake.

"Nilizivaa, Baba," akasema. "Nilizivaa."

Hakucheza tena. Alipata kazi kwenye kiwanda cha viatu bonde la pili, huko hakuna aliyempigia makofi. Timu yenyewe ilishuka daraja mwaka uliofuata, na roho inaniuma kusema, lakini nilifurahi.

Alirudi miaka mingi baadaye, Argia alipougua naye. Ilikuwa Jumapili, timu inacheza kupanda daraja, na kelele za uwanjani zilikuwa zinaingia chumbani. Argia, sauti imebaki kidogo, alimwambia aende akaangalie kidogo, yeye hana neno.

Settimio akainuka, akafunga dirisha, akarudi kukaa na kumshika mkono.

"Nipo hapa, dada," akasema. "Siendi popote."